Neno "Baba" katika Barua ya Marcellus

Mwishoni mwa mwaka 340 au mwanzoni mwa 341, askofu mmoja aliyefukuzwa jimboni kwake alikuwa anajiandaa kuondoka Roma. Aliitwa Marcellus, askofu wa Ancyra, mji ambao leo ni Ankara, makao makuu ya Uturuki. Alikuwa amekaa Roma mwaka mmoja na miezi mitatu kamili, akiwasubiri waliomshtaki waje wasimame naye mbele ya mwamuzi mmoja. Hawakuja. Kabla ya kuondoka akamwandikia Papa Julius barua kwa Kigiriki, akaeleza anachokiamini, na ndani yake akaweka maneno ambayo Mkristo yeyote anayesali kwa Kiswahili atayatambua mara moja:

"Basi namwamini Mungu Mwenyezi, na Kristo Yesu, Mwanawe wa pekee, Bwana wetu, aliyezaliwa kwa Roho Mtakatifu na Maria Bikira, aliyesulubiwa chini ya Pontio Pilato, akazikwa, siku ya tatu akafufuka katika wafu, akapaa mbinguni, ameketi kuume kwa Baba, kutoka huko anakuja kuwahukumu walio hai na wafu, na Roho Mtakatifu, Kanisa takatifu, ondoleo la dhambi, ufufuo wa mwili, uzima wa milele."

Tafsiri ni yangu, na nimejaribu kutoongeza wala kupunguza kitu. Hili ndilo andiko la kale zaidi tunaloweza kulipa mwaka ambalo lina lile ungamo la Kanisa la Roma, mama wa Imani ya Mitume tunayoikiri hadi leo. Kwa hiyo yapo mambo ambayo msomaji wa leo atayatafuta asiyapate: muumba wa mbingu na nchi hayumo, kuteswa hakumo, wala kufa, wala kushuka kuzimu, wala ushirika wa watakatifu. Hayo yaliingia baadaye, upande wa Kilatini, polepole, na kila moja lina historia yake.

Kinachonishughulisha ni mawili mengine. Mwanzoni kabisa Marcellus anasema "Mungu Mwenyezi" pale ambapo Walatini wote wanasema "Mungu Baba Mwenyezi". Na mwishoni anasema "uzima wa milele", ilhali maandiko ya Kilatini ya ungamo hilohilo la Roma yanakoma kwenye "ufufuo wa mwili". Neno moja limepungua, maneno mawili ya Kigiriki yamezidi, na wataalamu wamegombana juu yake kwa karne kadhaa.

Naandika kuhusu jambo hili kwa sababu kuna hoja ninayoisikia kila mahali, kwenye mihadhara ya dini viwanjani na kwenye simu za watu: kwamba nakala mbili zikitofautiana, lazima kuna mtu kachezea. Hutumiwa na Waislamu dhidi ya Wakristo, na Wakristo nao hutumiana wao kwa wao, dhehebu hili likilituhumu lile kwamba limeongeza au limefuta. Hoja hiyo inadhani kwamba palikuwa na karatasi ya kwanza, safi, iliyofungiwa mahali fulani, na nakala nyingine zote zinapimwa kwa hiyo. Kwa ungamo la Roma, karatasi hiyo haikuwepo, na haikuwepo kwa makusudi.

Shahidi wetu wa Kilatini anatuambia hivyo yeye mwenyewe. Ni padre Rufinus, mzaliwa wa Concordia karibu na Aquileia, kaskazini mwa Italia. Mnamo mwaka 404 hivi, zaidi ya miaka 60 baada ya barua ya Marcellus, aliombwa na askofu mmoja aitwaye Laurentius aandike ufafanuzi wa ungamo la imani. Mwanzoni mwa kazi hiyo anasimulia habari ambayo Kanisa la Magharibi liliishika kwa zaidi ya miaka elfu: kwamba mitume, kabla ya kutawanyika kwenda kuhubiri, walikaa pamoja wakakubaliana juu ya maneno haya, ili kila mmoja aendako asije akahubiri kitu tofauti. Kisha anaeleza kwa nini yanaitwa kwa Kigiriki *symbolon*, alama ya kutambuana. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, anasema, silaha ni zilezile, lugha ni ileile, desturi za kupigana ni zilezile. Hivyo kila jemadari huwapa askari wake neno la siri, na ukikutana na mtu usiyemjua unamuuliza neno hilo. Ndiyo maana, anaendelea, ungamo halikuandikwa kwenye karatasi wala ngozi, bali lilihifadhiwa mioyoni.

Hadithi ya mitume kuketi na kutunga siiamini, na sidhani leo kuna mwanahistoria anayeiamini. Lakini ile habari ya kutoandika ni kweli tupu, kwa sababu wengi wanaithibitisha. Ambrosi wa Milano aliwakataza wanafunzi wake wa ubatizo wasiliandike ungamo. Augustino kule Hippo, Afrika Kaskazini, aliwaambia wanafunzi wake waliseme kila siku, waamkapo na walalapo, na aliwafundisha kwa mdomo. Utaratibu ulikuwa hivi: katika majuma ya mwisho kabla ya Pasaka, askofu "huwakabidhi" wakatekumeni, yaani hao wanafunzi wa ubatizo, ungamo kwa kulitamka mbele yao, wanakwenda nalo nyumbani kichwani, baadaye wanarudi "kulirudisha", kila mmoja akilitamka bila kusoma popote.

Roma walizidi wengine kwa jambo moja. Kule mtu alipanda mahali palipoinuka na kulitamka mbele ya waamini wote. Augustino anasimulia, katika kitabu cha nane cha *Maungamo* yake, habari za Marius Victorinus, mwalimu mkubwa wa ufasaha ambaye Warumi walikuwa wamemjengea sanamu uwanjani kwa heshima ya elimu yake. Uzeeni akaamini. Mapadre, kwa kumwonea haya, wakampa nafasi ya kulitamka faraghani, kama walivyofanya kwa watu ambao walionekana wangetetemeka. Akakataa. Akasema ufasaha alioufundisha haukuwa na wokovu ndani yake, na bado aliufundisha hadharani, sembuse hili. Alipopanda, watu wakaanza kunong'ona jina lake: Victorinus, Victorinus. Kisha wakanyamaza ili wamsikie.

Hebu fikiri umesimama katika umati ule. Kila mtu pale anayajua maneno kwa moyo, kwa sababu naye aliyatamka siku yake. Mtu aliye juu akiongeza neno, masikio elfu yanalinasa. Rufinus anatoa sababu hiyohiyo ya kwamba ungamo la Roma lilibaki bila nyongeza: hapakuzuka uzushi pale, anasema, na waliobatizwa zamani wasingevumilia neno geni. Sehemu nyingine, kwa sababu ya wazushi, maneno yaliongezwa. Hilo la kutozuka uzushi Roma si kweli hata kidogo. Karne ya pili pekee Roma ilijaa waalimu wa kila namna, Marcion na Valentinus wakiwemo. Lakini lile la masikio nalikubali kabisa. Ungamo la Roma lililindwa na masikio ya watu waliokuwa wamelisema wenyewe.

Sasa tazama matokeo yake kwetu sisi tunaotafuta maandishi. Kama kitu hakiandikwi ovyo, basi kinapoandikwa kuna jambo. Marcellus aliandika akiwa mashtakani. Rufinus naye alikuwa ametoka kwenye ugomvi mkali na Yeronimo, rafiki yake wa ujana, juu ya maandiko ya Origen, mwalimu wa karne ya tatu ambaye mafundisho yake yalibishaniwa, aliyoyatafsiri, na watu walikuwa wakiitilia shaka imani yake. Tena hakuna hata mmoja kati yao aliyetuandikia ungamo la Roma kwa jina lake na kwa ukamilifu! Marcellus hasemi popote kwamba maneno yale ni ya Roma. Anasema tu "basi namwamini". Rufinus kwa upande wake anafafanua ungamo la Aquileia, kwa kuwa ndilo alilopokea siku ya kubatizwa kwake, na anataja njiani pale Roma inapotofautiana. Ungamo la Kilatini la Roma tunalolisoma katika vitabu limepatikana kwa kuchukua la Aquileia na kuondoa yale ambayo Rufinus anasema Roma haina.

Yenyewe ni machache. Aquileia walisema Mungu Baba Mwenyezi "asiyeonekana na asiyeteseka". Rufinus anafafanua kwamba hayo yaliongezwa dhidi ya waliodai kwamba Baba mwenyewe ndiye aliyezaliwa na kuteswa, Roma hawana. Aquileia walisema "akashuka kuzimu". Roma hawana, anasema, na makanisa ya Mashariki hayana. Na Aquileia walisema ufufuo wa mwili "huu". Hapo Rufinus ana maelezo mazuri kuliko yote: katika utetezi wake dhidi ya Yeronimo anaeleza kwamba waamini wa Aquileia, wanapotamka neno "huu", huweka alama ya msalaba kwenye paji la uso. Mwili huu ninaougusa. Nikisoma sentensi hiyo nasikia kanisa zima likijigusa kwa pamoja, na naelewa kwamba ungamo halikuwa maneno peke yake.

Mwaka 1647, James Ussher, askofu mkuu wa Armagh kule Ireland, ndiye aliyeweka barua ya Marcellus na ufafanuzi wa Rufinus pamoja, akaonyesha kwamba nyuma yake kuna kitu kimoja: ungamo moja la Roma, mara moja kwa Kigiriki, mara moja kwa Kilatini. Watu wengi wanamjua Ussher kwa sababu ya hesabu zake za mwaka wa kuumbwa ulimwengu. Kwangu kazi hii inapita ile mbali sana.

Swali linalofuata ni kwa nini kuna Kigiriki Roma. Kwa msomaji wa Biblia si ajabu: Paulo aliwaandikia Warumi kwa Kigiriki. Clement wa Roma aliwaandikia Wakorintho kwa Kigiriki mwishoni mwa karne ya kwanza. Ukishuka kwenye mahandaki ya makaburi ya Callixtus, majina ya maaskofu wa Roma wa karne ya tatu yamechongwa kwa Kigiriki. Kaburi la Cornelius, aliyefariki mwaka 253, ndilo lenye Kilatini. Kanisa la Roma lilikuwa la wahamiaji, watumwa, wafanyabiashara na mafundi kutoka mashariki ya bahari ya Mediterania, na lugha yao ya sala ilikuwa ile waliyokuja nayo. Kilatini kilipanda polepole, na hadi katikati ya karne ya nne kilikuwa hakijashika altare yote. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba Kigiriki cha Marcellus ni ungamo lenyewe la Roma katika lugha yake ya zamani, ambalo alilisikia pale kwa mwaka mmoja na miezi mitatu, au alilopewa na wenyeji wake walipomwambia: sema hili, na watu wa hapa watakutambua.

Hata Kigiriki kilipokwisha kuwa lugha ya kigeni, Roma haikukiacha. Kitabu cha misa na sakramenti kinachoitwa cha Gelasius, ambacho nakala yake ya mnamo mwaka 750 iko Vatikani, kina ibada ya kukabidhi ungamo. Padre anauliza: hawa wanamkiri Bwana wetu Yesu Kristo kwa lugha gani? Akoliti, mhudumu wa altare, anajibu: kwa Kigiriki. Akiwa amemshika mtoto, analitamka ungamo kwa Kigiriki. Swali linarudiwa kwa kundi la pili: kwa Kilatini. Wakati huo ungamo lililotumika katika ibada hiyo lilikuwa limeshakuwa lile refu zaidi, la mitaguso ya Nikea na Konstantinopoli, na Kigiriki chenyewe kimeandikwa kwa herufi za Kilatini ili msomaji asiyejua Kigiriki aweze kukitamka. Ni wazi walijali sana. Mtu hahangaiki hivyo kwa lugha ambayo haipendi.

Uingereza nako kuna shahidi wa namna hiyo. Katika Maktaba ya Uingereza mjini London kuna kitabu kidogo cha Zaburi kinachohusishwa na mfalme Athelstan, aliyetawala kuanzia mwaka 924 hadi 939. Mwishoni mwake kuna sala kadhaa za Kigiriki zilizoandikwa kwa herufi za Kilatini, kwa matamshi ya mtu aliyesikia zaidi ya kusoma, na mojawapo ni ungamo la Roma. Sio la Nikea: ni lile la kale, fupi, karibu neno kwa neno na la Marcellus. Ila humo "Baba" yumo mwanzoni, *theon patera pantokratora*, na "uzima wa milele" haumo mwishoni. Yaani Kigiriki hiki kinakubaliana na Kilatini cha Rufinus kuliko kinavyokubaliana na Kigiriki cha Marcellus.

Kwa hilo, mgawanyo rahisi wa "Wagiriki walisema hivi, Walatini walisema vile" unaanguka. Tofauti ipo kati ya Marcellus na wengine, Wagiriki kwa Walatini. Na ukitazama Afrika Kaskazini unazidi kuvurugika. Cyprian wa Carthage, katikati ya karne ya tatu, anataja swali waliloulizwa wabatizwa kwa Kilatini: je, unaamini ondoleo la dhambi na uzima wa milele kwa njia ya Kanisa takatifu? Hapo uzima wa milele upo Kilatini karibu miaka 90 kabla ya Marcellus.

Turudi kwa mtu mwenyewe, kwa maana bila kumjua hatuwezi kuisoma barua yake. Marcellus alikuwa katika mtaguso wa Nikea mwaka 325, upande wa waliompinga Arius, padre aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa. Alishikilia umoja wa Mungu kwa nguvu zote. Alifundisha kwamba tangu milele yuko Mungu na Neno wake ndani yake, na kwamba majina kama Mwana na Sura ya Mungu yanamhusu Neno alipotwaa mwili. Tena, kwa kulisoma andiko la Paulo kwa Wakorintho kwamba mwishoni Mwana atamkabidhi Baba ufalme, alifundisha kwamba ufalme ule wa Kristo katika mwili una mwisho. Maaskofu waliokutana Konstantinopoli mwaka 336 wakamvua uaskofu, na Eusebius wa Kaisaria akaandika vitabu viwili vizima kumpinga. Wengi hawajui kwamba maneno ya ungamo la Nikea na Konstantinopoli, "ambaye ufalme wake hautakuwa na mwisho", yaliingia kwa sababu ya mtu huyu. Kila Jumapili tunapoyasema tunamjibu askofu wa Ancyra.

Basi wako waliosema: mtu asiyeamini kwamba Neno alikuwa Mwana tangu milele ana sababu ya kutomwita Mungu "Baba" mwanzoni mwa ungamo. Kama hakuna Mwana kabla ya Betlehemu, hakuna Baba pia. Kwa mantiki hiyo Marcellus alilichukua ungamo la Roma, akalitoa neno lililomkwaza, akamkabidhi Papa akitumaini hataona. Na mwishoni akaongeza "uzima wa milele" ili kuwafunga midomo waliosema anafundisha mwisho wa ufalme.

Hoja ni kali. Mimi siikubali katika nusu yake ya kwanza, na sababu zangu ni hizi. Katika ungamo lilelile Kristo "ameketi kuume kwa Baba". Mwenye kulikwepa neno angelikwepa na pale, au asingeona haja ya kulikwepa hata mwanzoni. Katika sehemu nyingine za barua hiyohiyo anamtaja Baba waziwazi, na anasema Uungu wa Baba na wa Mwana hautengani. Sababu ya tatu ndiyo nzito kwangu: mwishoni Marcellus anamwomba Julius aambatanishe nakala ya barua hii kwenye barua atakazowaandikia maaskofu. Aliiandika ili maadui zake waisome. Mtu anayejua kwamba Eusebius amemwandikia vitabu viwili vya mashtaka, kisha akalifuta jina la Baba kwenye sentensi ya kwanza ya utetezi wake, huyo amewapa kamba ya kumnyongea. Maaskofu wa Mashariki walipokutana mwaka 343 wakati wa mtaguso wa Serdica, mji ambao leo ni Sofia, walimtupia mengi, lakini silaha yao ilikuwa kitabu chake cha zamani.

Pia tukumbuke tumeipataje barua. Ya mkono wa Marcellus haipo. Ipo ndani ya kitabu kikubwa cha Epiphanius, askofu wa Salamis kule Kupro, alichokiandika kati ya miaka 374 na 377 kuorodhesha uzushi 80 na kuutibu kila mmoja kama sumu ya nyoka. Kitabu hicho chenyewe kimetufikia kwa nakala chache zenye makosa mengi ya kunakili. Epiphanius hakuwa na uhakika na Marcellus. Anasimulia kwamba alimuuliza Atanasi, askofu wa Aleksandria, ambaye alikuwa Roma wakati uleule wa uhamisho, ana maoni gani juu ya mtu huyu. Atanasi hakumtetea wala hakumlaani. Akatabasamu tu, na Epiphanius akaelewa kwamba Marcellus alikuwa amekaribia ubaya, ila alijitetea akatoka.

Kwa hiyo naamini neno "Baba" lilianguka kwenye kalamu ya mnakili, katika karne mojawapo kati ya Roma ya mwaka 341 na nakala tulizo nazo. *Theon patera pantokratora*: maneno mawili ya mwisho yanaanza na kuishia kwa namna inayofanana, kwa sikio na kwa jicho. Jicho likiruka, la katikati linapotea. Zaburi ya Athelstan inaonyesha kwamba Kigiriki cha ungamo hili, popote kilikopitia hadi kikafika Uingereza, kilikuwa nalo.

"Uzima wa milele" nauona kwa namna tofauti. Huo hauwezi kuwa wa kujikwaa kwa jicho. Uliongezwa, na naamini uliongezwa na Marcellus mwenyewe, kwa kuwa mashtaka dhidi yake yaligusa mwisho wa mambo yote. Lakini hakuuvumbua. Waafrika walikuwa wakiutamka kwa Kilatini, na Augustino, ambaye ungamo lake la Milano lilikomea kwenye ufufuo wa mwili, aliona lazima aeleze ni ufufuo gani: sio kama wa Lazaro aliyefufuka akafa tena, bali wa kuingia uzimani. Kanisa liliuhitaji. Ukaingia katika Imani ya Mitume, na katika andiko la mtawa Pirminius, mwanzilishi wa monasteri ya Reichenau, la mwanzoni mwa karne ya nane, tayari umetulia mahali pake, pamoja na muumba wa mbingu na nchi, kushuka kuzimu na ushirika wa watakatifu.

Mwaka 1999 wanahistoria wa Kanisa Markus Vinzent na Wolfram Kinzig walikuja na wazo la kupindua meza: kwamba Marcellus hakunukuu ungamo la Roma, bali alilitunga, na Roma ikalichukua kwake. Nimelifikiria wazo hilo kwa uzito, kwa maana linajibu kwa urahisi kwa nini hasemi popote kwamba ni la Roma. Hata hivyo nashindwa kulipokea. Maswali ya ubatizo katika kile kitabu cha kale cha taratibu za Kanisa kinachohusishwa na Hippolytus yana mwili uleule: Kristo Yesu, Roho Mtakatifu na Maria Bikira, Pontio Pilato, siku ya tatu, kuume kwa Baba, walio hai na wafu. Wataalamu hawaafikiani juu ya umri wa kitabu hicho, lakini mifupa hiyo haionekani kuwa imechongwa na mgeni mmoja mwaka 341. Na nawarudia watu wa Victorinus, waliosimama kanisani miaka 15 hivi baada ya barua, kila mmoja analijua neno kwa neno. Sioni jinsi umati huo ungekubali kufundishwa upya maneno ya ubatizo wake na askofu mgeni aliyevuliwa uaskofu.

Mwaka 1438, Wagiriki na Walatini walipokutana Ferrara na baadaye Florence kutafuta umoja, Walatini waliitaja Imani ya Mitume kama kitu kinachojulikana kwa wote. Wagiriki wakajibu kwamba hawana ungamo hilo la mitume na hawajapata kuliona. Walisema kweli. Mashariki walikuwa wamekua na Nikea na Konstantinopoli, na maneno ambayo Marcellus aliyaandika kwa lugha yao wenyewe yalikuwa yamelala ndani ya kitabu cha Epiphanius kwa zaidi ya miaka elfu moja, katika sura ya 72, kati ya wazushi.